Stempu ya Roli na Mama Yake

Stempu nyingi huthaminiwa kwa kile zilicho nacho: picha, rangi, muhuri wa mji fulani. Stempu ya roli huthaminiwa kwa kile isicho nacho. Ina meno pande mbili tu, na pande mbili zilizobaki zimekatwa kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu kuondoa meno ni kazi ya wembe. Mtu mwenye rula na mkono usiotetemeka huchukua stempu ya kawaida ya dola chache, akanyoa meno ya juu na ya chini, na mezani pakabaki kitu kinachofanana kabisa na stempu ambayo katalogi inaitaja kwa maelfu ya dola.

Makala haya yanahusu kundi moja ambalo limechakachuliwa sana: stempu za roli za Marekani za mfululizo wa Washington na Franklin, zilizotoka kati ya 1908 na 1922. Mkusanyaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat hukutana nazo kila akifungua minada ya mtandaoni. Zilichapishwa kwa mamilioni, nyingi bado ni rahisi, na zile chache za bei kubwa zina sura ileile ya hizo rahisi. Rais ni yuleyule, rangi ni ileile. Picha haikuambii lolote.

Kanuni ninayoitumia ni moja, na kila kitu kinachofuata ni ufafanuzi wake: kabla hujauliza kama stempu ni halisi, uliza ingeweza kutengenezwa kutokana na stempu gani ya bei rahisi. Mimi humwita huyo mama yake. Ukimjua mama, utajua pa kupima. Na mara nyingine utagundua kwamba mama hakuwahi kuwepo, hapo moyo unatulia.

Kanuni hii si ya Marekani peke yake. Wanaokusanya stempu za Zanzibar za 1895 wanaijua vizuri, maana zile zilikuwa stempu za India zilizogongwa neno "Zanzibar" juu yake. Mama ni stempu ya India ya kawaida, na mghushi anachohitaji ni wino na herufi. Basi turudi kwenye roli.

Zilitoka wapi

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni binafsi za Marekani zilikuwa zikishindana kutengeneza mashine za kuuza stempu na mashine za kuzibandika kwenye bahasha. Mashine hizo zilihitaji stempu zilizoungana kwa mstari mrefu mmoja. Kuanzia 1906 Posta iliziuzia karatasi kubwa za stempu 400 zisizo na meno kabisa, nazo zikazikata na kuzitoboa kila moja kwa namna yake. Schermack ya Detroit, kwa mfano, ilitoboa vitundu vichache virefu badala ya safu ya matundu madogo ya duara. Stempu ya senti 4 yenye picha ya Grant ilitolewa hivyo mwaka 1908 kwa karatasi 25 tu, yaani stempu 10,000, zote zikaenda kwa Schermack. Ukioneshwa moja isiyo na vitundu hivyo, weka pochi mfukoni.

Mwaka huohuo wa 1908 kiwanda cha serikali cha uchapaji mjini Washington, Bureau of Engraving and Printing, kilianza kutoa roli zake chenyewe, za stempu 500 na 1,000. Mwanzoni zilitengenezwa kwa mikono: karatasi za stempu 400 zilitobolewa upande mmoja tu, zikagundishwa moja kwa nyingine, kisha zikakatwa vipande virefu na kukunjwa. Ndiyo sababu katika roli hizo za awali kila baada ya stempu 20 unakuta kiungo cha gundi, karatasi mbili zikiwa zimepandana. Jozi yenye kiungo hicho hutafutwa sana.

Roli ziko za aina mbili. Kuna ya kulala, ambamo stempu zimepangwa ubavu kwa ubavu na meno yako kushoto na kulia. Na kuna ya kusimama, stempu moja juu ya nyingine, meno yakiwa juu na chini. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji.

Meno, maji na mtambo

Mambo matatu hutenganisha stempu hizi, nayo yote hupimwa kwa vifaa vya bei ndogo.

La kwanza ni idadi ya meno. Wakusanyaji huhesabu matundu yanayoingia katika sentimita 2, na kadi ya kupimia inauzwa popote vinapouzwa vifaa vya stempu. Roli za 1908 hadi 1910 zina kipimo cha 12. Zilikuwa zikikatika ndani ya mashine, matundu yakiwa mengi mno. Mwishoni mwa 1910 kiwanda kikahamia 8½, na sasa stempu zikawa ngumu kuchanika. Mwaka 1914 wakakubaliana na 10, na roli za mfululizo huu zikabaki hapo.

La pili ni alama ya maji, zile herufi USPS zilizomo ndani ya karatasi yenyewe. Hadi 1910 herufi zilikuwa kubwa, zimechorwa kwa mistari miwili. Kisha zikawa ndogo, za mstari mmoja, hadi 1916. Baada ya hapo hakuna alama. Ili kuiona, weka stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na uidondoshee matone machache ya mafuta yanayotiwa kwenye viberiti vya chuma vya kuwashia sigara. Herufi hujitokeza kwa weusi kidogo kwa sekunde chache kabla mafuta hayajakauka. Mafuta hayo hayaharibu gundi wala wino wa stempu hizi, lakini yanawaka vibaya: fungua dirisha, na usifanye kazi hiyo jikoni. Fahamu pia kwamba herufi za mstari mmoja zimepangwa mbalimbali, kwa hiyo stempu moja inaweza kuwa na kipande tu cha herufi kwenye kona. Angalia mara mbili kabla hujasema hakuna.

La tatu ndilo ninalolipenda, kwa kuwa mghushi hana la kulifanya. Hadi 1914 stempu za roli zilichapishwa kwa bamba bapa. Mwaka huo ukaingia mtambo wa kuzunguka uliobuniwa na Benjamin Stickney, ambao bamba lake hukunjwa kuzunguka silinda. Bamba likikunjwa, picha iliyochongwa juu yake huvutika kidogo kuelekea upande wa mkunjo. Matokeo ni kwamba stempu ya roli ya kulala iliyotoka kwenye mtambo huo ina picha yenye upana wa milimita 19.5 hadi 20, wakati ya bamba bapa ina 18.5 hadi 19. Kwa roli ya kusimama kinachoongezeka ni urefu: milimita 22.5 badala ya 22. Wembe unaweza kupunguza karatasi, lakini hauwezi kuinyoosha picha.

Unapopima, pima picha, yaani fremu iliyochapishwa, wala si karatasi. Tumia lenzi ya kukuza mara kumi na rula ya chuma. Njia rahisi zaidi ni kutafuta stempu moja ya kawaida ya bamba bapa, ya senti 1 iliyotumika na isiyo na thamani, ukaikata kona zake ili mistari ya fremu ifike ukingoni kabisa. Ilaze juu ya stempu unayoichunguza. Kama fremu zinalingana, ni bamba bapa. Kama ya chini imechomoza, ni mtambo wa kuzunguka. Usipime stempu iliyo na unyevu, kwani karatasi ikilowa hutanuka, na wakazi wa mwambao wanajua jinsi Machi na Aprili zinavyoingia hadi ndani ya albamu.

Senti 3 ya zambarau mezani

Tuseme umeletewa stempu ya senti 3, Washington, rangi ya zambarau, meno kushoto na kulia tu. Muuzaji anataja namba fulani ya katalogi ya Scott, ambayo ndiyo wanayoitumia karibu wote wanaouza stempu za Marekani. Nenda polepole.

Kadi inaonesha 8½. Basi inadaiwa kuwa namba 394. Mama yake ni nani? Hapa kuna habari njema: hakuna stempu ya kawaida ya mfululizo huu yenye kipimo cha 8½ pande zote nne. Kwa hiyo haiwezekani kuwa imenyolewa. Mghushi angelazimika kuanza na stempu isiyo na meno kabisa, akaitoboa mwenyewe. Stempu ya senti 3 isiyo na meno iliyokuwepo kabla ya hapo ni namba 345 ya 1909, na hiyo ina alama ya maji ya mistari miwili. Ile isiyo na meno ya miaka ya baadaye haina alama kabisa. Namba 394 halisi ina alama ya mstari mmoja. Matone machache ya mafuta yamemaliza mjadala. Hali ni hiyohiyo kwa senti 4 na senti 5 za kipimo hicho. Kwa senti 1 na senti 2 kinga hiyo haipo, kwa sababu zilitolewa pia bila meno kwenye karatasi ya mstari mmoja.

Kadi inaonesha 10. Hapa mambo yanachanganya. Inaweza kudaiwa kuwa namba 445, ya bamba bapa, ya 1914. Mama yake yupo na ni mwepesi kupatikana: namba 426, stempu ya kawaida yenye meno 10 pande zote, alama ya maji ileile, bamba lilelile. Kunyoa juu na chini kunatosha. Alama ya maji haitakusaidia wala upana hautakusaidia. Kinachobaki ni kingo, nazo tutazifikia.

Au inadaiwa kuwa namba 456, ya mtambo wa kuzunguka, ya 1916. Hapo namba 426 iliyonyolewa itaumbuka kwa upana, maana itapungua karibu milimita nzima. Ila namba 456 ina hatari ya aina nyingine, na haihitaji hata wembe. Pacha wake, namba 493, alitoka muda mfupi baadaye: mtambo uleule, meno yaleyale, upana uleule, na bei yake ni ndogo sana. Tofauti ni kwamba karatasi ya 493 haina alama ya maji. Anayeuza 493 kwa jina la 456 hajaghushi kitu. Amesema uongo tu, au amekosea kwa nia njema, na fedha zako zimekwenda vilevile.

Kadi inaonesha 12. Kama alama ya maji ni ya mstari mmoja, basi unaambiwa una stempu maarufu kuliko zote za roli za Marekani: namba 389, iitwayo Orangeburg. Mwaka 1911 Posta ilitoa roli ya senti 3 kwa mahitaji ya kampuni moja ya dawa, Bell, iliyokuwa Orangeburg katika jimbo la New York, ambayo ilikuwa ikiwapelekea madaktari sampuli za dawa kwa mashine. Wakusanyaji walichelewa kujua. Zilizobaki bila kutumika hazifiki hata kumi na mbili, na zilizotumika ni chache. Mama yake ni namba 376, stempu ya kawaida ya mwaka huohuo, ambayo hununuliwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Orangeburg inayouzwa peke yake, bila bahasha, bila cheti, na muhuri wa San Francisco juu yake, haina haja ya kupimwa. Halisi ziligongwa muhuri wa mashine wa Orangeburg, zikiwa kwenye barua za kampuni hiyohiyo.

Kwa jumla, kundi la meno 12 ndilo ninaloliogopa zaidi. Roli za 1908 hadi 1910 za senti 1, 2, 4 na 5 zina mama wawili kila moja: stempu ya kawaida yenye meno 12, na stempu isiyo na meno kabisa, zote zikiwa na karatasi ileile ya mistari miwili. Mghushi anaweza kunyoa au kutoboa, apendavyo. Sinunui kundi hilo bila cheti, hata kwa rafiki.

Senti 2 nyekundu ina mtego wake. Namba 449, roli ya kusimama ya mtambo wa kuzunguka, ni adimu sana, na ndugu yake namba 450 ni ya kawaida. Vyote vinavyopimika vinalingana. Kinachozitenganisha ni mchoro wa utepe ulio juu ya tarakimu ya 2 ya kushoto: namba 449 ina mstari mmoja wa kivuli kwenye mkunjo wa utepe, namba 450 ina miwili. Unahitaji lenzi, taa nzuri na subira. Kisha pima urefu, kwa kuwa ile ya bamba bapa, namba 442, nayo ina mstari mmoja, na inapungukiwa na nusu milimita tu.

Kingo zinavyosema

Roli halisi ilikatwa kwa visu vya mashine, kwa hiyo kingo zake mbili zisizo na meno huenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho. Iliyonyolewa kwa mkono mara nyingi hupanuka upande mmoja kidogo. Ilaze juu ya karatasi ya michoro yenye miraba na utaona. Tazama pia kipimo kutoka ukingo hadi ukingo. Ili kufuta meno kabisa, mghushi lazima apite chini ya mashimo yake, na hapo hupoteza karatasi. Stempu inakuwa fupi kuliko roli halisi. Nunua stempu moja ya roli ya bei rahisi ya aina hiyohiyo na uiweke kando kama kipimo chako cha kudumu.

Wapo wajanja zaidi ya hapo. Hutafuta stempu za kawaida zenye nafasi pana isivyo kawaida kati ya picha na meno, ambazo hata zikinyolewa hubaki na urefu wa kutosha. Au huchukua stempu iliyokuwa pembezoni: karatasi za 400 zilikatwa katika robo za stempu 100, na stempu zilizokuwa kwenye mkato huo zilibaki na ukingo mmoja usio na meno kwa asili. Ukingo mmoja ni halisi, wa pili ni wa wembe. Kwa hiyo usihukumu kwa ukingo mmoja. Linganisha miwili chini ya lenzi: ule wa zaidi ya miaka mia umechakaa, nyuzi zake zimelala na rangi yake imefifia pamoja na karatasi, mpya ni mweupe na mkali.

Mashimo yaliyotobolewa baadaye nayo hujisaliti. Yanakuwa safi mno, au safu ya kushoto haiendi sambamba na ya kulia, au ukubwa wa tundu haulingani na wa kiwandani hata kama hesabu ya kadi inakubali. Ncha za meno halisi zina nyuzinyuzi za karatasi iliyochanwa.

Kwa sababu hizi, ukiweza nunua jozi badala ya moja. Katikati ya jozi matundu yamebaki mazima, unaweza kuyakagua yote. Jozi yenye mstari wa wino katikati ni bora zaidi: kwenye mtambo wa kuzunguka wino ulijaa mahali mabamba mawili yalipokutana, ukaacha mstari kila baada ya stempu 17 kwa roli ya kulala na kila baada ya 15 kwa roli ya kusimama. Bado mtu anaweza kunyoa jozi, lakini makosa yake yatakuwa marefu mara mbili na utayaona mapema.

Cheti

Stempu ya bei kubwa haikamiliki bila cheti cha chombo kinachotambulika. Kwa stempu za Marekani vinavyoaminiwa zaidi ni Philatelic Foundation ya New York, iliyoanzishwa 1945, huduma ya uthibitisho ya American Philatelic Society iliyoko Bellefonte, Pennsylvania, na Professional Stamp Experts. Maelezo ya mnadani yanayosema "nimeihakiki mwenyewe" si cheti.

Cheti nacho kisomwe. Linganisha picha iliyoko kwenye cheti na stempu mkononi, jino kwa jino na muhuri kwa muhuri, kwa kuwa cheti halisi huweza kuambatanishwa na stempu nyingine. Soma maneno yote: "halisi, imetobolewa upya" ni habari tofauti kabisa na "halisi". Angalia tarehe, maana maoni ya wataalamu hubadilika vifaa vikiboreka, na cheti cha zamani kinaweza kukataliwa na wanunuzi wa leo. Kama muuzaji ana uhakika, mwombe mkubaliane kwa maandishi kwamba ukiipeleka kukaguliwa na ikakataliwa atarudisha fedha pamoja na ada. Mwombe pia picha ya upande wa nyuma na ya kila ukingo. Atakayeanza kuzungushazungusha hapo, kutoa udhuru wa kamera na safari, anataka kukuingiza mjini.

Usiioshe stempu, usiisafishe, wala usiing'oe kwenye bahasha kabla ya kuituma. Bahasha ni sehemu ya ushahidi. Itume kwa rejista, ndani ya mfuko wa plastiki usio na kemikali za kulainisha, ukiwa umepiga picha zako mbele na nyuma. Na piga hesabu kwanza. Roli ya senti 1 ya kijani ya baada ya 1916, isiyo na alama ya maji, haihitaji haya yote: nauli ya barua yenyewe hadi New York itazidi bei yake mara kadhaa.